Nyumba ya Baba Mkwe: Chumba kwa Chumba Mpaka Ikauzika

Wahenga walisema ukitaka kumjua mtu, safiri naye. Mimi naongezea kidogo: ukitaka kumjua mume wako, karabati naye nyumba ya urithi. Sizungumzii nyumba yenu ya kuishi, ambayo hata mkikosea rangi ya sebule mtaizoea tu. Nazungumzia nyumba kuukuu ya familia, mnayoitengeneza kwa fedha zenu ili mkimaliza mumkabidhi funguo mtu mwingine kabisa. Hapo ndipo utajua mwenzako anahesabu vipi, anamwogopa nani kwao, na akisema "yetu" ana maana ya nani na nani.

Yetu sisi ilikuwa Sudi. Kama hujawahi kufika, Sudi ni mji mdogo wa zamani wa pwani ya Lindi, uko kwenye ghuba yenye mikoko kati ya Lindi na Mikindani. Barabara kuu ya Lindi na Mtwara haipiti pale. Inabidi uiache lami na kuteremka kuelekea baharini. Siku hizi wengi wanaijua kwa samaki tu, lakini ilikuwa bandari yenye jina lake. Mjerumani Carl Velten alipochapisha habari za miji ya Waswahili huko Berlin mwaka 1907, habari za Sudi zilikuwamo pamoja na za Lindi na Kilwa. Kwa hiyo si kijiji cha juzi, jamani.

Baba mkwe, Mungu amrehemu, aliinunua nyumba hiyo miaka mingi iliyopita. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa: kuta nene, vyumba vinne, ukumbi katikati, baraza mbele, jiko na choo uani. Alipofariki ilifungwa. Ilipofunguliwa tena, popo walikuwa wamehamia darini, ukuta wa upande wa bahari unabanduka kama ngozi ya aliyeungua jua, na kuku wa jirani walikuwa wanataga kwenye chumba cha wageni. Warithi walikuwa watatu: mume wangu na dada zake wawili. Wote walikubaliana kuuza. Bei waliyopewa na mtu wa kwanza ilikuwa ya kiwanja tu, kama vile nyumba yenyewe haipo!

Ndipo mume wangu akaniambia usiku mmoja, "Mama watoto, tuitengeneze kwanza, halafu tuuze." Nikamjibu, "Sawa. Ila kwanza tukae tuzungumze."

Tulianza na mnunuzi, si na fundi

Swali langu la kwanza lilikuwa: nani atainunua? Wanaume wetu bwana! Yeye alikuwa tayari ameshachagua rangi ya madirisha.

Sudi si Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, wala si Lamu iliyoingia mwaka 2001. Kule nyumba ya matumbawe inaweza kugombewa na wenye mahoteli. Hata karibu yetu, Mikindani, boma la Wajerumani la mwaka 1895 lilifufuliwa na shirika la Uingereza la Trade Aid likawa hoteli. Lakini ile ni kazi ya shirika, yenye wafadhili na mipango ya miaka mingi. Sisi tulikuwa na mishahara miwili na watoto wa shule.

Na yale matumaini ya kumpata mgeni mwenye dola, tuliyazima mapema. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, mtu asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Tanzania kwa ajili ya kuishi tu. Anaipata kwa njia ya uwekezaji. Na ikiwa ni ardhi ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji lazima iridhie anayehamishiwa. Kwa hiyo mnunuzi wetu angekuwa Mtanzania, na Mtanzania anayetaka nyumba Sudi yuko wa aina mbili. Wa kwanza ni mwenyeji aliyepata fedha za samaki au korosho. Huyo, tulivyoulizia, anataka tofali, bati la rangi na vigae. Nyumba ya matumbawe anaiona ya kizee. Wa pili ni mtoto wa pwani ile aliyefanya kazi mjini, amekaribia kustaafu, na anataka kurudi nyumbani bila kuanza kujenga upya.

Tukaamua kumtengenezea huyo wa pili, na kila uamuzi uliofuata tuliupima kwa mtu huyo. Mstaafu hahitaji jakuzi. Anahitaji paa lisilovuja, choo cha ndani, ukuta usiomletea kikohozi, na karatasi safi.

Fedha za aina tatu

Kabla hatujanunua hata msumari, nilimwomba mume wangu tuwaite mawifi. Akasita. "Utaonekana umekuja kugawa mali ya baba yao." Nikamwambia bora nionekane hivyo leo kuliko kuonekana mwizi siku ya kuuza.

Hebu fikiria, msomaji. Nyumba ni ya watu watatu. Kwa mirathi ya Kiislamu, mama yao akiwa alishatangulia, mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili wanagawana hivi: kaka nusu, dada robo, dada robo. Mimi mke wa kaka simo kabisa. Sasa kaka anatumia fedha zake, na mkewe anatumia fedha zake za kikoba, kutengeneza nyumba ambayo nusu yake si yao. Ikiuzwa, fedha zinagawanywaje? Familia ngapi zimeacha kusalimiana kwa swali hilo moja!

Tulikaa Lindi kwa wifi mkubwa, pilau ipo, tukaandika karatasi ya ukurasa mmoja. Tuligawa fedha za mauzo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni bei ya gofu: ile bei nyumba ingeuzwa siku ile ikiwa vilevile ilivyo na popo wake. Tuliwaomba wazee wawili wanaozijua bei za pale waikadirie, tukaiandika. Hiyo ni ya warithi, nusu, robo na robo, hata kama sisi tungetia marumaru kila kona. Fungu la pili ni gharama: kila shilingi yenye risiti au sahihi ya fundi inarudi kwa aliyeitoa, iwe ya mume wangu au yangu. Fungu la tatu ni faida, kama itakuwepo. Hiyo ni ya waliofanya kazi na kubeba hasara ikitokea.

Wifi mkubwa, ambaye angekuwa karibu na mafundi kuliko sisi tuliokaa Mtwara, akasema, "Basi na mimi nimo kwenye hilo la tatu." Tukakubaliana. Wifi mdogo alitaka jambo moja tu: tarehe. Mwanawe alikuwa anaingia chuo mwaka uliofuata. Tukaandika na tarehe.

Mume wangu tayari alikuwa ameteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, na hilo lilitusaidia sana, maana bila msimamizi hakuna anayeweza kuuza kwa niaba ya wenzake. Lakini msimamizi ni mtunzaji tu. Hafanywi kuwa mwenye mali. Karatasi ile ya Lindi ilikuwa inamkumbusha yeye, na inanikumbusha mimi pia.

Paa kwanza, rangi baadaye

Nimesema chumba kwa chumba, na ndivyo tulivyofanya, kwa sababu fedha zetu zilikuja mwezi kwa mwezi. Lakini paa haligawanyiki. Pwani ya kusini ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kavu. Kwa hiyo fedha zote za miezi ya kwanza zilikwenda juu: mbao zilizoliwa na mchwa zilitolewa, kenchi mpya zikawekwa, bati likabadilishwa, na ukingo wa paa ukaongezwa ili maji yadondokee mbali na kuta.

Miezi mitatu ya kazi, na ukiipiga picha nyumba kwa mbele huoni tofauti yoyote! Marafiki waliona picha kwenye simu wakaniuliza, "Ndiyo mnaanza?" Yaani unatamani kulia. Lakini chokaa haivumilii maji yanayotoka juu. Ukipaka chumba rangi nzuri chini ya paa linalovuja, umepaka rangi mpaka Desemba tu.

Kulikuwa na boriti za mikoko zilizobeba dari ya stoo. Tulizikagua moja moja. Boriti ya mkoko ni ngumu kweli, lakini kichwa chake kinachoingia ukutani kikikaa na unyevu miaka mingi kinaoza bila wewe kuona. Mbili tulizibadilisha. Na hapa niwaambie: mikoko ya nchi hii ni misitu ya hifadhi tangu enzi za mkoloni, haikatwi kama kuni za jirani. Kibali unaomba kwa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Sisi tuliweka mbao ngumu za dukani zenye risiti.

Vita vya saruji

Chumba cha kwanza tulichagua kile kibaya kuliko vyote, cha upande wa bahari. Sababu ni kwamba tulitaka kujifunza gharama mapema, kabla hatujafika mbali. Fundi wa kwanza aliyekuja alikipigapiga ukuta kwa nyundo, akasema, "Mama, hii tunabandua yote, tunapiga lipu ya saruji, wiki moja imekwisha."

Ilikuwa inashawishi, sitaki kuficha. Kiwanda cha Dangote kilipoanza uzalishaji Mtwara mwaka 2015, saruji ilikuwa imetusogelea hadi mlangoni. Kila mtu anapiga saruji. Mume wangu akasema, "Fundi anajua." Mimi nikauliza ukuta wa jirani, uliopigwa saruji miaka michache tu nyuma, mbona umevimba tumbo?

Jibu tulilipata kwa mzee mmoja wa Mikindani ambaye alikuwa amefanya kazi na chokaa maisha yake yote. Nyumba hizi, alitueleza, hazina kizuizi cha unyevu chini ya msingi. Maji ya ardhini yanapanda kwenye matumbawe kama mafuta kwenye utambi. Lipu ya chokaa ina vinyweleo. Unyevu unatoka, ukuta unapumua. Ukiuziba kwa saruji, au kwa rangi ya mafuta, maji hayaachi kupanda; yanatafuta njia juu zaidi, yakibeba chumvi. Chumvi ile ikikauka nyuma ya saruji inajikusanya na kuisukuma, mpaka siku moja inaanguka vipande vizima, na jiwe la ndani limegeuka unga. Magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yalijengwa kwa matumbawe na chokaa, na kuta zake nyingine zimesimama kwa mamia ya miaka. Chokaa ni laini lakini ina subira.

Basi tukaachana na fundi wa wiki moja, kwa amani. Tulibandua lipu iliyooza mpaka kwenye jiwe, tukauacha ukuta uchi wiki kadhaa ukauke. Chokaa tulinunua ya mifuko, maana ile ya zamani ya kuchoma matumbawe yaliyong'olewa baharini ni kuwavunjia samaki nyumba ili wewe ujenge yako. Tuliiloweka kwenye shimo lililofunikwa. Uwiano wa lipu ulikuwa chokaa moja kwa mchanga tatu, na mchanga wa mtoni, si wa ufukweni, kwa sababu mchanga wa ufukweni unakuja na chumvi yake. Lipu ikapigwa tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikisubiri mwenzake, na magunia yaliyolowa yakitundikwa ukutani ili isikauke haraka ikapasuka.

Chumba kimoja kilichukua karibu miezi miwili. Mume wangu alikuwa anahesabu siku, mimi nahesabu mifuko. Tuligombana? Sana tu. Lakini niligundua kitu: tulikuwa tunagombania ukuta, na mtu akigombania ukuta anaweza kwenda kuushika akaona nani yuko sahihi. Magomvi mengi ya ndoa hayana ukuta wa kushika.

Vyumba viwili vilivyofuata vilikwenda haraka zaidi, kwa sababu tulikwisha kujua bei na mwendo. Na kwa kila ukuta tuliogusa, fundi aliweka miti ya kuegemeza kwanza. Wengi tunakumbuka Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, ilipoporomoka ikiwa kwenye ukarabati na watu wawili wakapoteza maisha. Nyumba kuukuu haitaki kukimbizwa.

Mlango uliotaka kuuzwa peke yake

Mlango wa mbele una nakshi. Si mkubwa kama ya Zanzibar, lakini ukiupiga brashi na kuupaka mafuta unapendeza. Tulipokuwa kwenye ukumbi, dalali mmoja alikuja na gari, akautazama, akatoa bei ya mlango tu. Mlango bila nyumba! Na bei yenyewe ilikuwa ya kukufanya umeze mate, maana wakati ule fedha za mwezi zilikuwa zimekauka.

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Kisha tukakumbushana kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaihesabu milango na fremu za mbao zilizochongwa Tanganyika kabla ya mwaka 1940 kuwa vitu vinavyolindwa. Na huu, kwa maneno ya wazee wa pale, ulikuwepo kabla ya wao kuzaliwa. Halafu hata ukiiweka sheria pembeni, mstaafu wetu wa kufikirika angekuja kuona nini mbele ya nyumba? Mlango wa mabati? Dalali akaondoka na gari lake.

Fedha nyingi kwenye jiko na choo

Uani hatukuwa na huruma. Hapo hakuna cha kale cha kulinda: jiko la moshi na choo cha shimo. Tulijenga jiko jipya dogo lenye sinki, choo cha maji kinachofikika bila kutoka nje, karo, tangi la maji juu ya mnara, na waya wa umeme mpya nyumba nzima. Hapa saruji na vigae viliruhusiwa, maana kuta zilikuwa za tofali jipya.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo nyumba ilipouzwa, ingawa mnunuzi alikuwa bado hajatokea. Vyumba vinne vya chokaa vinampendeza mtu. Lakini mke wa mnunuzi, akija, anakwenda moja kwa moja uani. Mimi ningefanya hivyo.

Alipoanza kuipenda

Tatizo kubwa lilikuja mwishoni, na halikutoka kwa fundi. Chumba cha mwisho kilikuwa kile alicholala baba mkwe. Tulipomaliza, kuta nyeupe, dirisha limefunguliwa, upepo wa kusi unaingia na harufu ya bahari, mume wangu alikaa sakafuni akaegemea ukuta. Akakaa muda mrefu. Kisha akasema, "Hivi kwa nini tunauza?"

Nilijua siku hiyo itakuja. Mtu akiishika nyumba kwa mikono yake mwaka mzima na zaidi, inaanza kumwita jina. Akaanza kunipangia: tutakuja likizo, watoto watajua kwao, tukizeeka tutahamia. Yote ni kweli, na yote ni mazuri. Hata mimi nilikuwa nimeshaijua kona ambayo ningeweka kitanda.

Lakini kulikuwa na wifi mdogo na ada ya chuo. Kulikuwa na wifi mkubwa, aliyewapikia mafundi jua na mvua. Kulikuwa na fedha zangu za kikoba, ambazo wanawake wenzangu walikuwa wanazisubiri. Na kulikuwa na nyumba yetu wenyewe Mtwara, haina dari. Sikumwambia "usiiwaze." Nilimwambia, "Ukitaka kuibakiza, ibakize kihalali. Walipe dada zako robo zao kwa bei ya gofu, na unirudishie zangu. Tukae tupige hesabu."

Tukakaa. Kalamu, daftari, taa. Hesabu ilikataa. Tukaipiga tena na mkopo wa kazini ndani yake. Ikakataa kwa miaka minne mbele. Alilifunga daftari, akatoka nje barazani, nami sikumfuata. Kuna huzuni ambayo mwanaume anahitaji kukaa nayo bila mtu wa kumpa maji ya kunywa.

Asubuhi alimpigia simu wifi mdogo mwenyewe. Akamwambia, "Tangaza. Tunauza." Siku ile nilimheshimu kuliko siku aliyonioa.

Mnunuzi na mgawo

Hakuja mtu wa magazetini. Alikuja mwalimu mstaafu aliyezaliwa Sudi, na mkewe. Mkewe, kama nilivyosema, alikwenda uani kwanza! Yeye mwalimu aliingia kile chumba cha upande wa bahari, akaweka kiganja ukutani, akakiacha pale, akanusa. "Hakina unyevu," akasema. Hakuuliza kuhusu rangi hata mara moja. Alichosisitiza ni kwamba mlango usiondoke.

Bei haikuwa ile aliyoota mume wangu. Ukichukua kila shilingi 100 ya mauzo, 55 zilikuwa bei ya gofu na zikaenda kwa warithi kama ilivyoandikwa. Shilingi 38 zilirudi kwenye gharama. Zilibaki saba za faida, na hizo saba ndizo tulizogawana sisi wawili na wifi mkubwa baada ya kodi. Mwaka na nusu wa jasho kwa shilingi saba! Lakini bila ukarabati warithi wasingepata hata zile 55 kwa mkupuo, maana nyumba inayovuja inashuka bei kila masika.

Kuhusu kodi, tunza risiti kama unavyotunza cheti cha ndoa. Mkazi wa Tanzania akiuza nyumba au ardhi, TRA inatoza asilimia 10 ya faida, si ya bei yote. Gharama za kuboresha zinapunguza faida hiyo, ila lazima uzithibitishe. Lile sanduku letu la viatu lililojaa risiti liliokoa fedha.

Na kwa wanawake wenzangu, neno moja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inasema kwamba ndoa ikivunjika, mahakama inaweza kugawa hata mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa, kama iliboreshwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake au kwa juhudi za pamoja. Na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Sikuandika jina langu kwenye karatasi ile ya Lindi kwa sababu namtilia shaka mume wangu. Niliandika ili asije mtu akalazimika kukumbuka. Kumbukumbu za watu wanaopendana hutofautiana vibaya sana fedha zikiingia.

Kabla hamjanunua mfuko wa kwanza

- Mjueni mnunuzi. Tengenezeni nyumba anayoitaka yeye, si mnayoiota ninyi.
- Andikeni bei ya gofu mbele ya warithi wote, na msimamizi wa mirathi awe ameteuliwa na mahakama.
- Wekeni kikomo cha fedha na tarehe ya kuuza. Mkikifikia kikomo, kaeni upya kabla ya kuongeza.
- Paa kwanza, kuta zikauke, ndipo lipu. Ukuta wa chokaa utibiwe kwa chokaa.
- Kila mmoja awe na safu yake kwenye daftari, mke na mume, hata kama mfuko ni mmoja.
- Mkishaipenda nyumba, ambianeni mapema. Siku ya kutia sahihi ni kuchelewa.

Nyumba yetu ya Mtwara sasa ina dari. Wifi mdogo mwanawe yuko chuoni. Na mume wangu, kila tukipita njia ya Lindi na kufika pale njia ya Sudi inapokatia baharini, anapunguza mwendo kidogo, halafu anaendelea. Sijawahi kumwambia kwamba naona.